Nyumba ya Isyesye: kibali cha kupangisha wakati hati iko benki

Shemeji yangu alinipigia simu Jumapili jioni mwezi Julai, msimu ule ambao baridi ya Mbeya inamfanya mtu asitake kutoa mkono nje ya blanketi. Alikuwa na habari mbili. Barua ya uhamisho wa kwenda Sumbawanga ilikuwa imetoka, na alitakiwa kuripoti ndani ya mwezi. Ya pili ndiyo iliyomfurahisha: dalali alishampatia mpangaji wa nyumba yake ya Isyesye. Ni kampuni ya ujenzi, kodi shilingi 500,000 kwa mwezi, mwaka mzima kwa mkupuo, fedha zinatoka Jumamosi.

"Hati iko wapi, shemeji?" nikamuuliza.

"Si iko benki."

"Basi usipokee hata senti mpaka tuonane."

Hakupendezwa. Nyumba ameijenga kwa jasho lake, alisema, ametoka kwenye vyumba vya kupanga pale Sae miaka saba, leo nani wa kumkataza asimkaribishe mtu kwake? Nilimwelewa. Mimi nimefanya kazi ya ardhi halmashauri kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na sentensi hiyo nimeisikia kaunta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa yake na ya mke wake, ambaye ni mdogo wangu wa damu. Majina ya watu na ya benki nimeyaacha.

Nianze na hali ya mkopo, maana ndiyo iliyobeba kila kitu. Mwaka 2018 walikopa milioni 40 kumalizia nyumba, kwa miaka 15, riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye deni linalobaki. Rejesho ni kama shilingi 587,000 kila mwezi, na linakatwa kwenye mshahara. Kufikia Julai ile walikuwa wamelipa marejesho 72, jumla zaidi ya milioni 42. Tulipoomba taarifa ya mkopo, deni lililobaki lilikuwa karibu milioni 33.5. Mdogo wangu aliishika ile karatasi akanyamaza kwa muda. Miaka ya mwanzo ya mkopo mrefu fedha nyingi zinaliwa na riba, deni lenyewe linapungua polepole sana. Kwa hiyo mtu anaweza kulipa miaka sita bila kukosa mwezi hata mmoja, na bado benki ikawa na sehemu kubwa sana kwenye nyumba yake.

Juu ya benki yuko mwingine. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Sisi tunapewa haki ya kuimiliki kwa muda: miaka 33, 66 au 99, kwa masharti yaliyoandikwa, na pango la ardhi tunalipa kila mwaka. Hati ya shemeji ni ya miaka 66 kuanzia 2011. Kwa maneno mengine yeye mwenyewe ni mpangaji wa muda mrefu wa serikali, akaichukua haki hiyo akaiweka rehani, na sasa anataka kumpangisha mtu wa tatu juu yake. Hata hivyo, kila mmoja kati ya hao wawili walio juu yake, serikali na benki, ana neno la kusema kuhusu mtu wa tatu.

Jumatatu tulikaa mezani na karatasi tatu: nakala ya hati, mkataba wa rehani na bima ya nyumba. Karatasi ya nne haikuwepo, na shemeji ndiyo aliyokuwa anaitegemea. Wiki moja kabla alikuwa amempigia simu afisa mikopo wa tawi lake, naye akamjibu kwa uchangamfu kwamba haina shida mzee, mradi rejesho linaingia. Shemeji alilichukua hilo kuwa ndiyo ruhusa. Nilimwomba ampigie tena nikiwa hapohapo. Simu ilipokelewa, lakini yule afisa alikuwa ameshahamishiwa tawi la mkoa mwingine, na faili la mkopo lilikuwa kwa mtu mwingine ambaye hakuwa na habari ya mazungumzo yoyote. Simsemi vibaya yule kijana, alijibu kama mtu anavyojibu simu. Ila ridhaa ya benki ni barua yenye saini na muhuri wa mtu mwenye mamlaka, na afisa mikopo wa tawi mara nyingi hana mamlaka hayo.

Hati tuliimaliza haraka. Kiwanja ni cha makazi. Kupangisha nyumba ili watu wakae ndani hakugombani na sharti hilo. Lakini nilipomwuliza dalali kampuni itaitumiaje nyumba, picha ikabadilika. Wahandisi wawili wangelala vyumba vya ndani, sebule ingekuwa ofisi, na uwanja wa nyuma ungesawazishwa ili kuegesha magari, kuweka kontena la vifaa na jenereta pamoja na mapipa ya dizeli. Hapo si makazi tena. Kubadili matumizi ya kiwanja kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, unaanzia halmashauri na hauishi kwa wiki moja. Anayekiuka masharti ya hati anaiweka hati yenyewe hatarini, na hati hiyo ndiyo dhamana ya benki. Yaani kosa moja lingewaudhi wakubwa wote wawili kwa wakati mmoja.

Mkataba wa rehani ndio uliotuchukua jioni nzima. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ardhi kinaweka ahadi ndani ya kila rehani hata kama hazikuandikwa: mkopaji alipe, aitunze nyumba, alipe pango la ardhi, na asipangishe kwa muda unaozidi mwaka mmoja bila ridhaa ya maandishi ya mkopeshaji. Sheria hiyohiyo inamfunga mkopeshaji naye, kwamba ridhaa hiyo asiinyime bila sababu ya msingi. Sentensi hiyo ya mwisho watu wengi hawaijui, na ndiyo inayompa mkopaji nguvu ya kuandika barua akiwa amesimama wima badala ya kuomba kama anayeomba msaada.

Dalali, ambaye alikuwa na haki ya kuhangaika kwa sababu kodi ya mwezi mmoja ilikuwa yake, alikuja na njia ya mkato: andikeni mkataba wa miezi kumi na miwili, mwakani mnaandika mwingine, mwaka unaofuata mwingine, benki haitahusika. Njia hiyo inatumika sana mjini hapa. Kwa shemeji isingefaa, kwa sababu mkataba wake ulikuwa umekaza kuliko sheria. Ulimtaka apate ridhaa ya maandishi kwa upangishaji wa kipindi chochote, na pia kwa mabadiliko yoyote ya jengo au uwanja. Alikuwa ameusaini mwaka 2018, kurasa ishirini na mbili, na hakuwahi kuusoma zaidi ya ukurasa wa riba.

Akaniuliza swali la maana: kama nalipa rejesho kila mwezi, benki itanifanya nini? Jibu ni kwamba kosa katika rehani si kukosa rejesho peke yake. Kuvunja ahadi yoyote ya mkataba wa rehani, iliyoandikwa au iliyowekwa na sheria, kunampa mkopeshaji mlango wa kutoa notisi ya siku 60, na baada yake anaweza kudai deni lote au kuelekea kwenye kuuza. Je, benki ingefanya hivyo kwa mtu anayelipa vizuri? Naamini isingefanya, kwa miaka yote mizuri. Siku rejesho likichelewa, mshahara ukisimama kwa sababu ya uhakiki, ugonjwa ukiingia nyumbani, mkopaji anahitaji kukaa na benki na kuomba apangiwe upya marejesho. Hapo ndipo faili lake linafunguliwa, na hapo ndipo mpangaji asiyejulikana anaonekana.

Bima niliisoma peke yangu usiku. Ilikuwa bima ya moto, benki ikiwa mnufaika wa kwanza, na nyumba ilielezwa kuwa inakaliwa na mwenye mali. Kampuni ya bima inakadiria hatari kwa kile inachoambiwa. Ukibadilisha mkaaji, ukaongeza mapipa ya dizeli nyuma ya jiko, na usiseme, siku moto ukitokea utakuwa umeipa kampuni hiyo sababu ya kukataa kulipa. Deni la milioni 33 lingebaki, na nyumba isiwepo.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakuwa ameulizwa kabisa, naye ni mdogo wangu. Alikuwa Tukuyu akimuuguza mama mdogo, na habari ya mpangaji aliisikia kwa dalali aliyempigia kuulizia funguo za stoo. Watu wanajua kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa sababu benki zinasimamia sana fomu hiyo. Kisichojulikana sana ni kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataja na kupangisha: wakati ndoa ipo, mwenye nyumba ya ndoa haruhusiwi kuiuza, kuigawa kama zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Nilimwambia shemeji hivyo mbele ya mkewe, kwa sababu nilitaka asikie kwamba hilo ni la sheria na halitokani na undugu wangu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Hapo nimekosa, mke wangu." Nilimheshimu.

Mdogo wangu hakupinga kupangisha. Alichopinga ni uwanja. Nyuma ya nyumba ana miparachichi sita aliyoipanda mwenyewe, miche aliyoileta Rungwe mwaka waliohamia, na ilikuwa imeanza kubeba. Kusawazisha uwanja maana yake ni kuing'oa. Nilitulia nikagundua kwamba hati, rehani, bima na mama mwenye nyumba, wote wanne, kila mmoja kwa lugha yake, walikuwa wanakataa kitu kimoja. Hakuna aliyekataa mtu kukaa ndani ya nyumba.

Tuliwapigia kampuni. Walikuwa waungwana, wakasema bila uwanja nyumba haiwafai, na Jumamosi walilipia nyumba nyingine upande wa Uyole. Shilingi milioni sita zikapita mbele ya macho ya shemeji, na sitajifanya haikumuuma. Niliwahesabia kilichokuwa kinabaki hasa: kampuni ingekata kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 600,000, na ushuru wa stempu wa asilimia moja ya kodi ya mwaka ungekuwa 60,000. Bado zingebaki fedha nyingi. Hasara ilikuwa ya kweli, na kwa mawazo yangu ilistahili kubebwa.

Barua ya kwenda benki tuliiandika Jumanne. Nimeziona barua nyingi za aina hii zikikaa kwenye trei miezi kwa sababu zinasema tu "naomba kibali cha kupangisha nyumba yangu" na kuishia hapo. Anayeisoma hajui ampe nani, kwa muda gani, kwa hatari ipi. Benki ina hofu tatu: mpangaji asiyetoka siku nyumba ikiuzwa, nyumba kuchakaa, na mkopaji kuanza kutegemea kodi ili alipe mkopo. Tuliijibu kila hofu kabla haijaulizwa. Sehemu yake kuu ilisomeka hivi:

"Ninaomba ridhaa yenu ya maandishi kupangisha nyumba iliyo kwenye kiwanja nilichowawekea rehani, kwa makazi ya familia moja, kwa miaka miwili. Sababu ni uhamisho wa kikazi. Nakala ya barua imeambatishwa. Marejesho yataendelea kukatwa kwenye mshahara wangu kama kawaida, na kodi ya pango haitakuwa chanzo cha marejesho. Mkataba wa upangaji utatamka kwamba uko chini ya rehani yenu. Hakutakuwa na mabadiliko ya jengo wala uwanja. Bima itarekebishwa kabla ya mpangaji kuingia. Mke wangu ameridhia na amesaini hapa chini."

Tuliambatisha risiti ya pango la ardhi la mwaka ule, taarifa ya bima, na rasimu ya mkataba wa upangaji yenye nafasi tupu ya jina. Barua ilipelekwa kwa mkono tawini, na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri huo. Ndio ushahidi wako kwamba uliomba, na siku ngapi zimepita.

Zilipita siku kumi na tisa. Tawi lilituma makao makuu, makao makuu wakauliza picha za nyumba, tukapiga picha, wakauliza kodi itakuwa kiasi gani. Shemeji alishaondoka kwenda Sumbawanga, akapanga huko nyumba ya 150,000, huku rejesho la 587,000 likiendelea kukatwa na ya Isyesye imefungwa komeo. Kwa jumla nyumba ilikaa tupu wiki sita. Hizo ni kama shilingi 525,000 za kodi ambazo hazikuingia. Simu zake za wiki ya tatu zilikuwa fupi na kali, nami sikuwa na la kumjibu zaidi ya kufuatilia.

Ridhaa ilipokuja ilikuwa na masharti, na yalikuwa ya haki. Miaka miwili, bila kuongeza wenyewe. Kodi ipitie akaunti ileile ya mkopo. Mpangaji asaini kwamba amejulishwa kuhusu rehani. Benki ipate nakala ya mkataba uliolipiwa stempu. Ombi la kuongeza muda lifike siku 60 kabla ya mwisho. Tulibishana na sharti moja tu: rasimu yao ilitaka benki ikiuza nyumba mpangaji aondoke siku hiyohiyo. Tuliomba apewe miezi mitatu na arudishiwe kodi aliyolipa mbele. Walikubali miezi miwili. Hilo la kurudisha kodi walikataa kulibeba wao, wakasema ni la mwenye nyumba. Tukaliandika kuwa la mwenye nyumba.

Nililing'ang'ania kwa sababu ya mpangaji. Mpangaji wa Mbeya anauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, LUKU ni ya peke yake au ya kuchangia, geti linafungwa saa ngapi. Hati haulizii. Halafu analipa miezi sita au kumi na mbili mbele, wakati mwingine akiba yake yote. Kama nyumba iko kwenye rehani na benki haikuridhia upangaji, siku ikiuzwa mnunuzi hana sababu ya kumtambua. Mkataba wake, hata uwe umegongwa muhuri na wakili na kushuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, unamdai mwenye nyumba tu, na mwenye nyumba ambaye nyumba yake imeuzwa kwa deni huwa hana cha kudaiwa. Anayepanga nyumba nzima kwa fedha nyingi aombe kuona hati. Akionyeshwa nakala na kuambiwa halisi iko mahali salama, aombe barua ya benki, au afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, ambako rehani iliyosajiliwa inaonekana.

Mpangaji aliyeingia ni muuguzi na mume wake na watoto watatu, kwa 350,000 kwa mwezi, miezi sita mbele. Tulipomweleza habari ya rehani nilitegemea aondoke. Alisoma barua ya benki mara mbili, akasema hajawahi kuonyeshwa karatasi kama ile na mwenye nyumba yeyote, akasaini. Stempu ilikuwa 42,000 kwa kodi ya mwaka ya 4,200,000. Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni mzigo wa mwenye nyumba hata kama mpangaji ndiye anayenunua umeme, kwa hiyo tuliandika kwamba anakata 18,000 kwa mwaka kwenye kodi yake. Mapato ya pango shemeji anayatangaza TRA. Rejesho na kodi havilingani, kila mwezi anaongeza karibu 237,000 za mfukoni, na hilo alilijua kabla ya kusaini.

Mkataba una kifungu kimoja ambacho mwanasheria wa benki alikiuliza kwa simu, kama kweli tunakitaka. Kinasema miti sita ya parachichi iliyo nyuma ya nyumba haikatwi, mpangaji anachuma ya kula nyumbani, na mavuno ya kuuza ni ya mama mwenye nyumba. Tulisema tunakitaka, akakiacha.

Mwezi uliopita mpangaji alituma picha. Mti wa tatu kutoka jikoni umebeba mpaka matawi yameinama, na alikuwa anauliza kama anaruhusiwa kuyategemeza kwa fito, asije akahesabiwa amebadilisha uwanja. Mdogo wangu alimjibu kutoka Sumbawanga dakika hiyohiyo: tegemeza mwanangu, na ndoo ya kwanza mpelekee bibi wa nyumba ya jirani.